Mama wa risiti za mabati na Sheria ya Ndoa ya 1971

Jumanne ilinyesha ile mvua ya Arusha ya kunyunyiza tu isiyokatika, wateja hamna, nimekaa zangu steshenari nakunywa chai. Akaingia dogo mmoja anasomea sheria, huwa anatoa kopi za noti zake kwangu kwa mkopo (deni limefika 8,500, dogo kama unasoma hapa nakukumbusha), akaanza kunipa somo eti sheria za zamani zote zifutwe tuanze upya, na ya kwanza iwe Sheria ya Ndoa ya 1971, maana ni sheria gani hiyo inayoruhusu binti aolewe ana miaka 15 alafu mvulana anasubiri 18?

Hapo kwa kweli sikumpinga. Rebeca Gyumi, yule mwanaharakati wa haki za wasichana, alipeleka hiyo kesi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakiuka katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe, serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, watu bado wanajadili. Mi nina binti wa miaka 14, juzi tu alikuwa analia kisa kapotezewa kompasi shuleni, sa huyo ndo mwakani awe mke wa mtu kwa sababu baba yake karidhia?

Tukiwa tunaendelea akaingia mama mmoja kutoka Tengeru, kitenge kimelowa chini, kabeba mfuko wa salfeti. Anataka nimchapie barua ya kwenda baraza la usuluhishi kwenye kata yao. Kaishi na baba watoto wake miaka tisa, wana watoto wawili, hawakwenda kanisani wala bomani, ila kijiji kizima kinamuita mama fulani mke wa fulani. Sasa jamaa kaleta mwingine, yeye kamwambia fungasha. "Akaniuliza, mimi nilikuoa lini?" Akatoa kwenye mfuko risiti za mabati, zimekunjwa kunjwa mpaka wino unafutika, kanunua yeye kwa hela za nyanya, bati moja moja, mbili mbili, na kila risiti anaifungua taratibu kama inaweza kukatika.

Dogo kimya. Mara akaanza kuongea mwenyewe kama yuko kwenye mtihani: mama, kifungu cha 160, mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mke na mume, inachukuliwa ni ndoa mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na hata ikishindikana bado mahakama inaweza kuamuru upewe matunzo wewe na watoto. Nikamuuliza, hiyo iko kwenye sheria gani? Akashika kichwa akacheka. Ni hiyo hiyo ya 1971 aliyokuwa anaizika dakika kumi zilizopita.

Na cha 114 kiko humo humo, cha kugawana mali mlizochuma wote mkiachana. Ndo kilichotumika kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakasema kupika, kufua, kulea, nayo ni mchango kwenye mali. Kituko ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, mahakama iliona hela alizopewa na mume afanyie biashara alizitapanya, ila wanawake waliokuja nyuma yake walifaidi.

Nyalali huyo huyo ndo aliongoza ile tume ya vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 90, ikaja na orodha ya sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Unaona, hakusema choma kabati zima.

Ila zipo ambazo mi siziombei hata siku moja zaidi. Vile vifungu vya uzururaji kwenye Kanuni ya Adhabu, 176 na 177, ni vya 1945, mkoloni alikuwa anataka mji wake usiwe na watu wasio na bwana wa kuwaajiri. Mdogo wangu aliwahi kubebwa navyo usiku, katoka kufunga kibanda, ana hotpoti mkononi, eti mzururaji. Mahakama ya Afrika, ile ya Haki za Binadamu na Watu, iko hapa hapa mjini kwetu, Desemba 2020 ikatoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinavunja haki za watu, ila ni ushauri tu, haimlazimishi mtu. Vile vifungu nimevisoma juu chini natafuta hata mstari mmoja wa kumsaidia mama kama huyu wa Tengeru, sijauona.

Barua ikatoka ukurasa mmoja na nusu, dogo ndo alikuwa ananisomea cha kuandika. Kopi za risiti za mabati zilikuwa kumi na mbili, mama akafungua leso atoe hela, dogo akasema weka kwangu. Kwa hiyo sasa ni 9,700.