Siku moja saiti: kumwaga slabu Uyole, Mbeya, bila kufuja saruji

Saa 12:30 asubuhi. Julai, baridi inang'ata. Slabu ya leo ni mita za ujazo 12, mchanganyo 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kama mifuko 78. Saruji ni aina ya CEM II/B-P: klinka (vidonge vya chokaa na udongo vilivyochomwa, vinavyosagwa kuwa saruji) asilimia 65 hadi 79, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni pozolana, mawe ya volkano ya jamii ya yale ya Rungwe. Hewa ukaa nyingi ya saruji hutoka kwenye kutengeneza klinka. Mawe ya chokaa yanachomwa hadi nyuzi 1450, na zaidi ya nusu ya hewa hiyo hutoka kwenye jiwe lenyewe. Kubadili nishati ya tanuru hakutoshi. Saiti kazi ni kutumia mifuko michache.

Saa 1:00. Mchanga kwanza. Umelala na umande, na mchanga wenye unyevu huvimba. Jaza ndoo hadi sentimita 20 bila kushindilia, umwage pembeni, weka maji nusu ndoo, kisha urudishe mchanga huku ukikoroga. Ukishuka hadi sentimita 16, umevimba robo nzima. Hapo boksi 2 ulizopima ni sawa na 1.6: zege linakuwa na saruji nyingi kuliko ulivyopanga, na mifuko inaisha kabla slabu haijajaa. Dawa yake ni boksi 2 na nusu kwa kila mfuko. Boksi lenyewe ni sentimita 40 kwa 35 kwa 25, yaani lita 35, ujazo wa mfuko mmoja.

Saa 2:30. Maji. Lita 27 kwa mfuko, toa kama 5 zilizomo tayari mchangani, bakisha 22. Mpira wa maji hausogei karibu na mashine. Ni ndoo yenye alama tu. Saidia akiona zege zito ataongeza maji, nguvu itashuka, halafu fundi ataongeza mfuko "kwa usalama". Mfuko mmoja wa ziada kwa kila mita ya ujazo ni mifuko 12 leo, zaidi ya kilo 300 za hewa ukaa.

Saa 3:00. Slampu, kipimo cha ulaini wa zege: jaza koni ya chuma kwa tabaka 3, kila moja mapigo 25 ya nondo ya milimita 16, inua koni, pima zege limeshuka kiasi gani. Tunataka milimita 75 hadi 100. Ikifika 150, usinyunyizie saruji kavu. Punguza maji mkorogo unaofuata.

Saa 4 hadi 9. Kumwaga na vibreta (mashine za kutikisa zege lishikane). Kyubu 6, vipande vya zege vya kupimwa nguvu, zinajazwa katikati ya kazi, si mwishoni.

Saa 11 jioni. Magunia yaliyolowa, nailoni juu. Pozolana hukaza polepole, baridi inazidisha: mwagilia siku 10, mirunda isiguswe kabla mhandisi hajaona majibu ya kyubu. Ya siku 7 yakiwa chini kidogo, subiri ya 28 kabla ya kuagiza saruji kali zaidi.