Risasi za Mtandaoni Marekani: Muswada Unabana Wapi Hasa?

Ukiagiza bunduki mtandaoni kwa muuzaji wa jimbo jingine la Marekani, haiji kwako. Inapelekwa kwa muuzaji mwenye leseni, unaifuata dukani, unajaza fomu 4473 (fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki) na jina lako linahakikiwa. Risasi, katika majimbo mengi, huachwa mlangoni kama viatu. Muswada ulioletwa mwaka 2012 ulitaka kuubana mwanya huo.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Sheria ya silaha ya 1968 ilizuia risasi kutumwa kutoka jimbo moja kwenda jingine na kumtaka muuzaji aandike nani kanunua nini. Mwaka 1986 Bunge liliondoa karibu masharti hayo yote, likabakiza ya risasi za kupenya deraya. Leo sheria ya shirikisho humtaka leseni anayetengeneza au kuingiza risasi kutoka nje, si anayeziuza tu. Mtu aliyekatazwa kumiliki bunduki amekatazwa na risasi pia, ila kwa sheria hiyo ya shirikisho hakuna anayelazimika kumkagua kabla ya kumuuzia.

Julai 2012, baada ya mauaji ya Aurora, Colorado, ambako mshambuliaji alikuwa amenunua maelfu ya risasi kwa intaneti, Seneta Frank Lautenberg na Mbunge Carolyn McCarthy walileta muswada wa kuziba mwanya huo. Ulitaka muuzaji awe na leseni na atunze kumbukumbu, mnunuzi aonyeshe kitambulisho chenye picha ana kwa ana, na manunuzi ya zaidi ya risasi 1,000 ndani ya siku 5 za kazi mfululizo yaripotiwe. Haukupita. Mbunge Bonnie Watson Coleman aliufufua mwaka 2015, nao ukakwama vilevile.

Watu hubishana sana juu ya hiyo 1,000. Mimi naona ni kipengele dhaifu. Risasi 1,000 za milimita 9 zina uzito wa kilo 12 hivi, katoni moja anayobeba mtu mmoja, na mlenga shabaha wa mashindano huzimaliza upesi. Ripoti za namna hiyo zitajaa majina ya wanamichezo. Chenye meno ni kaunta: nani anatazama kitambulisho, na anakilinganisha na nini.

California imelijaribu hilo. Kura ya maoni ya 2016 iliamua kwamba kuanzia Januari 2018 mzigo wa mtandaoni upitie kwa muuzaji mwenye leseni, na kuanzia Julai 2019 kila mnunuzi ahakikiwe. Njia ya haraka, iliyoanza kwa ada ya dola 1, hulinganisha kitambulisho chako na sajili ya jimbo ya wamiliki wa bunduki. Hapo ndipo watu wanapokwama. Umehama na sajili ina anwani ya zamani: unakataliwa. Jina limeandikwa tofauti kidogo: unakataliwa. Bunduki yako pekee ni ya mtutu mrefu uliyoinunua kabla ya 2014, jimbo lilipokuwa bado halitunzi kumbukumbu zake: jina lako halimo kabisa sajilini. Njia ya pili ni ya dola 19, kwa manunuzi ya mara moja, na majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, sahihisha anwani yako sajilini, halafu muulize mwenye duka kama anapokea mizigo iliyoagizwa mtandaoni na anatoza kiasi gani. Mzigo ukishafika ndipo ukataliwe, gharama za kuurudisha ni zako wewe kuzijadili na aliyekuuzia. Sheria yenyewe imekuwa ikipiganiwa mahakamani miaka yote hii.

New York, iliyoanza uhakiki wake Septemba 2023 kwa ada ya dola 2.50, hutafuta kama umekatazwa. Haiulizi kama una bunduki iliyosajiliwa. Ukiniuliza, huo ndio mpangilio wenye akili zaidi.

Na Washington, yaani serikali ya shirikisho, haiwezi kuiga California bila kwanza kubadilisha sheria, kwa sababu sheria ileile ya 1986 inaikataza kuanzisha sajili ya bunduki. Muswada wa 2012 nao haukudai uhakiki. Ulidai kitambulisho tu, ambacho humwambia muuzaji wewe ni nani bila kumwambia kama unaruhusiwa kununua.