Nilivyochubua uso bila kuubabua, mara ya pili

Shangazi yangu aliposikia naenda kuchubuliwa uso alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, weusi wako huo umekukosea nini?" Alidhani nataka kuwa mweupe. Simlaumu, maana neno lenyewe limeshachafuliwa na mikorogo. Ilibidi nimweleze kwamba kuchubua huku ni kupakwa asidi inayobandua tabaka la juu la ngozi, na kwamba sikuwa na ugomvi na rangi yangu. Ugomvi wangu ulikuwa na madoa yaliyoachwa na chunusi, mashavuni na kwenye taya, na zaidi ya yote doa moja kwenye kona ya mdomo ambalo halikuletwa na chunusi. Hilo nilijitia mwenyewe.

Mara ya kwanza niliagiza kwenye intaneti chupa ndogo ya asidi ya glaikoliki, ya asilimia 70. Niliona video mbili tatu, nikanawa uso, nikapaka kwa pamba na kutega kengele ya simu dakika tatu. Dakika ya kwanza ilikuwa mwasho tu. Ya pili, kona ya mdomo ikaanza kuungua, nami nikajiambia ndiyo dawa inafanya kazi. (Sijui nani alitufundisha kwamba dawa isiyouma si dawa.) Nilipokimbilia bomba, pale kwenye mkunjo ambapo majimaji yalikuwa yametuama ngozi ilikuwa imeshageuka rangi. Kidonda kilipona baada ya siku kumi hivi, kikaacha doa jeusi la ukubwa wa ukucha.

Nilikuja kuelewa baadaye nilipokosea. Asidi ya glaikoliki haijizimi yenyewe. Itaendelea kuingia mpaka uizime kwa myeyusho wa bikaboneti au uioshe kwa maji mengi. Isitoshe, asilimia ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni pH, kipimo cha uasidi: kadiri ilivyo chini ndivyo asidi inavyouma kwa ukali, na chupa yangu haikuandikwa chochote juu ya hilo.

Basi nikaenda kwa daktari wa ngozi. Nilitegemea kutoka siku hiyohiyo nimeshapakwa. Badala yake alinihoji. Nimewahi kumeza vidonge vya isotretinoini, dawa kali ya chunusi? Huwa natokwa na malengelenge ya homa mdomoni? Nina mimba au nanyonyesha? Aspirini inanidhuru? Nikikatwa, kovu huvimba? Akashika sikio langu akaangalia hata tundu la hereni. Mwisho akasema, "Leo hatufanyi. Rudi baada ya wiki nne."

Nilichukia, nikiri. Lakini maelezo yake yalinikaa. Ngozi nyeusi, alisema, ina seli za rangi zilizo tayari kwa kazi muda wote. Ukiiudhi, iwe kwa chunusi, kucha au asidi, inajibu kwa kumwaga rangi. Kwa hiyo kabla ya kuichokoza lazima uitulize. Nikapewa tretinoini, dawa ya chunusi ya kupaka usiku, kiasi cha punje ya njegere, na losheni ya kukinga jua kila asubuhi, SPF 50, mistari miwili, kila mmoja wa urefu wa kidole, kwa uso na shingo. Ya kwanza niliyonunua ilinifanya nionekane nimepakwa majivu. Akanishauri nitafute yenye rangi, kwa sababu ile ina oksidi ya chuma, ambayo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, na mwanga huo nao hukoleza madoa kwa watu weusi. Hilo sikuwa nimelisikia kwenye video hata moja.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe niliacha tretinoini, pamoja na kila kitu cha kusugua. Nyusi sikuzigusa.

Alinichagulia asidi ya salisiliki ya asilimia 20. Sababu yake ni kwamba hiyo huyeyuka kwenye mafuta, hivyo huingia ndani ya vinyweleo vilivyoziba, mahali chunusi zinapoanzia. Alinifuta uso kwa spiriti kuondoa mafuta yote, akapaka vazelini kwenye kona za macho, za pua na za mdomo. Kwenye ile kona yangu aliweka nyingi zaidi. Akapaka asidi, nikashikishwa feni ndogo. Mwasho ulipanda kwa dakika mbili kama pilipili iliyoingia kwenye mchubuko, kisha ukazimika wenyewe na kubaki ganzi. Nilipoona kwenye kioo unga mweupe umetanda usoni, moyo ulinipasuka, nikajua nimeungua tena. Kumbe ni chembechembe za asidi yenyewe, zinazobaki spiriti iliyochanganywa nayo ikishakauka, kama chumvi kwenye sufuria. Zikaoshwa kwa maji, zikaisha. Weupe wa kuogopwa ni wa asidi nyingine, trikloroasetiki. Huo ni protini ya ngozi inayoganda kama ute wa yai, na hauoshwi. Asidi hiyo huenda chini zaidi, naye hakutaka hata kuijadili kwa ngozi yangu. Fenoli, inayozama kuliko zote, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na anayepakwa huwekewa mashine ya kuyafuatilia.

Siku mbili za kwanza uso ulikaza kama ngoma. Siku ya tatu ukaanza kubanduka kuzunguka mdomo, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Agizo lilikuwa moja: usivute. Nanawa kwa sabuni laini, napaka vazelini, naacha. Nilivumilia mpaka siku ya nne usiku, nikiwa nasoma, mkono ukaenda wenyewe kidevuni. Kipande kimoja tu. Mahali pale palibaki peusi kwa wiki sita, kuliko popote palipobanduka penyewe.

Nilirudi mara tano zaidi, kila baada ya wiki nne. Mara ya tatu alipandisha hadi asilimia 30. Safari moja alinirudisha nyumbani bila kunigusa kwa sababu nilikuwa na wekundu shavuni, nami safari hiyo sikununa.

Chunusi zilipungua mapema, baada ya mara ya pili. Madoa yalienda taratibu mno hata nisingeamini bila picha, ambazo nilipiga dirisha lilelile, saa ileile, bila poda. Yale ya taya karibu yamekwisha, ya mashavu yamebaki kivuli. Mashimo mawili ya chunusi za zamani yapo palepale, hayakupungua hata kidogo, wala hayakutakiwa kupungua: asidi hizi nyepesi zinaishia tabaka la juu la ngozi, na shimo lina mzizi chini yake. Daktari aliniambia hivyo tangu siku ya kwanza, nami niliitikia huku nikitumaini kwa siri kwamba amekosea.

Sasa sipakwi tena. Nimebaki na tretinoini usiku na losheni asubuhi, hata kukiwa na mawingu. Lile doa la kona ya mdomo limefifia kuwa rangi ya chai ya maziwa. Juzi shangazi alilitazama kwa karibu, akalamba kidole ili anifute, akidhani nimetoka kula.