Mdai anataka kusikia nini kutoka kwako

Kwa miaka mingi nilikula mshahara wa kudai. Kazi yangu ilikuwa kuwapigia simu watu waliochelewesha marejesho ya mikopo, kuwaandikia barua, na kuingiza kwenye kompyuta kila walichonijibu. Kazi ile niliiacha, na siku hizi nakaa upande wa pili wa meza. Watu walioelemewa na madeni wananiletea makaratasi yao, tunayapanga, tunaandika barua pamoja, na mara nyingine nakaa kando yao wakati wanaongea na mdai simu ikiwa kwenye spika. Simtozi mtu. Nafanya hivi kwa sababu kuna mambo niliyoyaona kule ambayo mdaiwa hayaoni, na kutoyaona kunamgharimu.

La kwanza ni hili: mdai hakuoni wewe. Anaona mstari mmoja kwenye orodha ndefu, wenye jina, salio, siku za kuchelewa, na kijisehemu cha maelezo ambamo sisi wapiga simu tulikuwa tunaandika yaliyojiri. Kijisehemu hicho kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Faili inayosema "hapokei, hapokei, hapokei, namba haipatikani" inasogezwa hatua inayofuata, awe mwenye deni ana shida ya kweli au anakwepa tu. Hakuna anayeweza kujua tofauti. Faili inayosema "mshahara umepunguzwa, ameleta barua, anaomba kulipa nusu ya rejesho kwa miezi mitatu" inabaki mezani kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua jambo. Huenda asikubaliwe kila alichoomba, lakini kuna kitu cha kujadiliwa.

Ukimya una kalenda yake pia. Katika benki nyingi duniani, mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, na benki inalazimika kutenga pesa zake kufidia hasara inayotarajiwa. Kabla ya hapo, mdai ana sababu yake mwenyewe, ya kibiashara kabisa, ya kutaka mwelewane. Baada ya hapo faili huenda kwa wanasheria, au kwa wakusanya madeni wanaolipwa kwa asilimia ya wanachokusanya, au deni linauzwa kwa bei iliyo chini sana ya unachodaiwa. Kila mkono mpya unaolishika deni unakujua kidogo zaidi kuliko uliotangulia. Ndiyo maana ninamwambia kila anayekuja kwangu: ongea mapema, hata kama huna cha kulipa leo.

Lakini kuongea si kuahidi. Tulikuwa tunasikia "Ijumaa nalipa lote" kutwa nzima, na wengi waliosema hivyo walikuwa wanatafuta tu simu ikatike. Ijumaa ikipita, maelezo yanaandikwa "amevunja ahadi," na anayepiga safari inayofuata anaanza mazungumzo akiwa na neno hilo mbele yake. Kiasi kidogo kinachofika kwa tarehe uliyotaja kina nguvu kuliko kikubwa kisichofika.

Sasa, kabla hujapiga simu yoyote, toa kila karatasi uliyonayo. Kuna mama alikuja kwangu na mfuko wa bahasha, nyingi hajazifungua. Alikuwa anajua zimo, ila alikuwa hawezi kuzitazama. Tulizipanga mezani kwa jina la anayedai, kisha kwa tarehe. Aliponiambia ana wadai saba, mimi nilikuwa nahesabu sita. Barua mbili zilikuwa za deni lilelile: moja kutoka kwa mkopeshaji wa mwanzo, nyingine kutoka kwa kampuni iliyolinunua deni baadaye, na kiasi kilikuwa tofauti kwa sababu ya pili ilikuwa imeongeza gharama zake. Yeye alikuwa anawalipa wote wawili kidogo kidogo. Tuliandika kwa kila mmoja kumwomba athibitishe nani mwenye deni kwa sasa, atuonyeshe mkataba, na atupe mchanganuo wa salio: deni la msingi ni kiasi gani, riba kiasi gani, faini kiasi gani. Kuomba mchanganuo ni haki ya kawaida ya mdaiwa na si dalili ya ukaidi. Nilipokuwa nadai, aliyeuomba nilimchukulia kama mtu makini.

Kwenye orodha yako, usipange madeni kwa ukali wa anayedai. Hili ndilo kosa ninaloliona kila mara, nalo linaeleweka, kwa sababu mtu hulipa pale anaposumbuliwa ili apumue. Anayekupigia mara tano kwa siku mara nyingi ni yule asiye na dhamana yoyote mkononi. Kelele ndiyo silaha yake pekee. Wenye uwezo wa kukuumiza kweli huandika barua moja fupi na kunyamaza: mwenye nyumba unayoishi, benki iliyoshika hati, mamlaka ya kodi, kampuni inayoweza kukata umeme au maji, mkopeshaji ambaye chombo chako cha kazi ndicho dhamana yake. Hao ndio wa kwanza. Anayefuata ni yule ambaye deni lake lina mdhamini, kwa maana ukishindwa wewe, anayefuatwa ni ndugu au rafiki aliyekuwekea saini. Mwambie mdhamini wako mapema. Wengi hugundua wanadaiwa siku barua inapowafikia, na undugu hauponi kirahisi baada ya hapo.

Yale yasiyo na dhamana yanabaki nyuma, na hapo hesabu inaingia. Chukua deni la 100,000 lenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya salio. Riba ya mwezi wa kwanza ni 3,000. Ukilipa 3,000 kila mwezi, deni la msingi halisogei hata ukilipa miaka kumi. Ukilipa 4,000 utamaliza kwa miezi karibu 47, na jumla utakuwa umetoa kama 188,000. Ukilipa 5,000 utamaliza kwa miezi 31, na jumla ni kama 155,000. Ile 1,000 ya ziada inakuondolea zaidi ya mwaka mzima wa kulipa. Na hapa hatujaweka faini. Wakopeshaji wengi, pesa yako ikiingia, huikata kwanza kwenye faini na gharama, kisha kwenye riba, na kinachobaki ndicho kinachogusa deni la msingi. Mtu analipa kwa uaminifu mwaka mzima na salio liko palepale, halafu anadhani anaibiwa, kumbe mkataba ulisema hivyo. Kwa hiyo katika mazungumzo yako, ombi la kwanza lisiwe kupunguziwa deni. Omba faini zisimamishwe, na omba malipo yako yaingie kwenye deni la msingi kwa kipindi mtakachokubaliana. Msamaha wa faini ni kitu ambacho ofisa wa kawaida mara nyingi ana ruhusa ya kuutoa mwenyewe. Msamaha wa deni la msingi unahitaji saini za wakubwa.

Angalia pia namna riba inavyohesabiwa. Mkopo wa 120,000 wa mwaka mmoja kwa "asilimia 12," ambapo riba inapigwa juu ya kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho, unakufanya ulipe 11,200 kila mwezi. Inaonekana nafuu. Lakini wewe unapunguza deni kila mwezi huku riba ikiendelea kuhesabiwa kana kwamba pesa yote bado iko mfukoni mwako. Ukiihesabu juu ya salio linalopungua, riba halisi ni karibu asilimia 21 na nusu kwa mwaka. Mtu anayetaka kuhamisha madeni yake yote kwenye mkopo mmoja mkubwa aanze kwa kulinganisha hapo, maana "asilimia" mbili zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Lipi ulimalize kwanza kati ya yasiyo na dhamana? Hesabu inasema lenye riba kubwa, na hesabu haikosei. Hata hivyo, mtu aliyechoka sana huwa namshauri amalize dogo moja kwanza. Nimewaona wakirudi wiki inayofuata wanaongea kwa sauti nyingine, na mtu wa namna hiyo ndiye atakayeendelea kulipa mwakani.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Ninayoitumia inakwenda hivi: "Nina mkopo namba fulani kwenu. Kipato changu kimepungua tangu mwezi fulani kwa sababu hii. Ninaambatisha mapato na matumizi yangu ya mwezi. Ninaweza kulipa kiasi hiki kila tarehe fulani kwa miezi sita, kuanzia mwezi ujao. Naomba katika kipindi hicho faini zisimamishwe. Tarehe fulani nitawaandikia tena kuangalia upya. Naomba jibu kwa maandishi." Usiombe huruma kwa kurasa tatu. Ukurasa wa mapato na matumizi ndio unaomshawishi ofisa, kwa sababu ndio atakaoupeleka kwa bosi wake. Na weka kiasi unachokiweza hata mwezi mtoto akiugua.

Wakikupigia badala ya kujibu kwa barua, andika jina la anayeongea, tarehe, saa, na alichokubali. Kisha siku hiyohiyo watumie ujumbe: "Kama tulivyoongea leo, mmekubali hivi." Usimpe mtu yeyote namba ya siri wala ruhusa ya kukata kwenye akaunti yako kiasi chochote atakacho. Na kama deni ni la zamani sana, miaka na miaka bila malipo, muulize mwanasheria kwanza kabla ya kuandika au kulipa chochote. Katika nchi nyingi deni huwa na muda wa ukomo kisheria, na malipo madogo tu au barua ya kulikiri vinaweza kuuanzisha muda huo upya.

Kuna vitisho vya kupuuza na karatasi za kutopuuza kamwe. Kutishiwa jela kwa sababu tu huna uwezo wa kulipa ni kitisho cha kupuuza. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inasema mtu hatafungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Udanganyifu ni jambo jingine, na kudharau amri ya mahakama ni jingine. Kumpigia bosi wako au majirani kukuaibisha kunakatazwa na sheria katika nchi nyingi. Tunza ushahidi, lalamika kwa anayesimamia wakopeshaji. Lakini wito wa mahakama ukifika, nenda. Kesi nyingi za madeni huamuliwa upande mmoja kwa sababu tu mdaiwa hakutokea, na hukumu ikishatoka, mdai anaweza kuomba kukata mshahara au kukamata mali.

Watu wengi wanaona aibu kuomba nafuu, kana kwamba wanaomba sadaka. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zina zaidi ya miaka 3,700, na sheria ya 48 inasema mwenye deni ambaye shamba lake limeharibiwa na dhoruba au kukosa maji hatalipa mwaka huo, wala riba ya mwaka huo haitadaiwa. Waliojua kukopeshana walijua tangu zamani kwamba mwaka mbaya hauzuiliki.

Kuhusu washauri: kaa mbali na anayetaka alipwe kabla hajafanya lolote, anayekuambia uache kuongea na wadai wako, au anayekuahidi kufuta rekodi yako ya mikopo. Rekodi sahihi haifutwi kwa ada. Mshauri wa kweli anaanza kwa kukuuliza unaingiza kiasi gani na unatumia kiasi gani, na anakuachia nakala ya kila kitu. Na mwenzi wako ajue. Sijawahi kuona mpango wa malipo ukidumu nyumba ambayo mmoja hajui kwa nini pesa haitoshi.

Dawa ya deni ni kulipa, wanasema, nami sibishani nao. Ila ukishalipa rejesho la mwisho, bado hujamaliza. Dai barua inayosema salio ni sifuri, dai dhamana yako irudishwe pamoja na hati zake, na baada ya mwezi mmoja au miwili omba taarifa yako ya mikopo uone kama wamesahihisha. Nikiwa kazini niliona watu wakiendelea kusomeka wadaiwa kwa vijisenti vya faini ya siku ya mwisho, na mwaka mmoja baadaye vijisenti hivyo vinawazuia kupata nyumba ya kupanga. Barua hiyo itunze mahali pakavu, na nakala nyingine kwa mtu unayemwamini.