Usiku wa Kufunga Begi

Mwanza, wiki ya tatu ya Desemba

Radi zimepiga ziwani tangu alfajiri. Kuanzia Kirumba hadi Buhongwa kila mtaa una mtu mwenye tiketi ya ndege wiki hii, na wengi wanaogopa mawingu. Mimi naona presha ya safari hizi huanzia chumbani, begi likiwa wazi juu ya kitanda.

Tuanze na saa. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu, sisi twahesabu kwa jua. 06:40 ni saa 12:40 asubuhi, lakini jicho likiona sita akili inakimbilia saa sita mchana, na ndege inaondoka mtu bado anakunywa chai. Hesabu yake ni fupi: kabla ya 07:00 ongeza sita, kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa sita, kuanzia 19:00 toa kumi na nane. Kwa hiyo 13:15 ni saa 7:15 mchana na 20:30 ni saa 2:30 usiku. Anayeunganisha Dar kwenda nje ya nchi aiangalie zaidi tarehe. Ndege ya 24 Desemba saa 00:30 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 24, maana yake uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 23. Hapa lugha yetu iko wazi kuliko tiketi, tatizo ni kwamba tiketi hatuisomi kwa lugha yetu.

Jina nalo. Desemba tiketi nyingi hukatwa na ndugu au wakala kwa simu, na jina linaandikwa lile la nyumbani. Mama Neema amekatiwa tiketi kwa jina la mume, kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, kina jina la baba yake. Linganisha herufi kwa herufi siku ile ile tiketi inapoingia, kwa sababu kurekebisha mapema ni simu moja, kurekebisha kwenye kaunta watu wamejaa nyuma yako ni vita. Nafasi iliyoshikiliwa bila kulipiwa ina muda wake pia. Ukipita, inafutwa yenyewe.

Sasa mzigo, maana begi linalotoka Mwanza bila dagaa huulizwa maswali likifika Tabata, Dar.

Samaki hawakataliwi kwa kuwa ni samaki. Wanakataliwa kwa sababu wanavuja, na maji ya samaki yakishaingia kwenye mabegi ya watu wengine hakuna anayekusikiliza. Sato watolewe matumbo na magamba, waoshwe, wachujwe maji kabisa, kisha wagande kwa saa 24 kamili hadi wawe kama jiwe. Barafu ya vipande usiiweke, ndiyo inayoyeyuka kwanza. Kila samaki azungushiwe magazeti mawili au matatu, wapangwe wakibanana ndani ya deli au ndoo yenye mfuniko unaobana, nafasi zinazobaki zijazwe magazeti, halafu mfuniko uzungushiwe selotepu mara tatu. Ndoo iliyojaa hukaa na ubaridi kuliko ndoo nusu, hewa ndiyo inayoyeyusha. Dagaa na kayabo, yaani samaki wa chumvi waliokaushwa, hawavuji, shida yao ni harufu: chombo chenye mfuniko, siyo kiroba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usiitegemee hata kwa dharura.

Pima kila kitu nyumbani. Mizani ya mkono inatosha. Kama huna, panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umebeba begi, kisha toa uzito wako. Kilo za tiketi yako zimeandikwa humo humo, na ndoo ya samaki inahesabiwa. Foleni ndefu ya Desemba mara nyingi ina mtu mmoja mbele, amechuchumaa, anahamisha viazi kutoka begi hili kwenda lile.

Asali na samli ziende kwenye begi kubwa, na kumbuka hewa iliyomo kwenye chupa hutanuka ndege ikipanda na kusukuma kifuniko. Pawabenki ni kinyume chake: haipelekwi chini, inabaki nawe. Ile ya 20,000 mAh ina kama saa-wati 74, na kikomo cha kawaida ni 100.

Kuchelewa kupo, tukubali. Usiku upepo wa nchi kavu huelekea ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda na kuzaa radi za usiku na alfajiri. Rubani akisubiri zipite, anafanya kazi yake. Ndege hiyo hiyo ina safari nyingine za siku, kwa hiyo kuchelewa kwa dakika 40 asubuhi huweza kukua hadi dakika 120 ifikapo jioni. Ndiyo maana naipenda ndege ya kwanza, hata kwa usingizi wake. Harusi ya Jumamosi, safiri Alhamisi. Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ziachie nafasi ya muda wa saa nne au zaidi kati yake hapo Dar, maana shirika la pili halina deni nawe la kuchelewa kwa la kwanza.

Anayetoka Sengerema hana tena hofu ya kusubiri kivuko Busisi, daraja limefunguliwa mwaka 2025. Wa kisiwa cha Ukerewe, ambaye bado anategemea kivuko, alale mjini usiku wa kuamkia safari.

Masikio huuma zaidi kushuka Dar kuliko kutua hapa, kwa sababu Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari na Dar iko pwani. Mabadiliko ya mgandamizo ni makubwa. Mtoto anyonye ndege inapoanza kushuka, asiachwe alale. Mkubwa atafune kitu, amezemeze mate.

Ukifika, sato waingie friji kabla ya salamu ndefu.