Kinu changu na saa nne usiku ya Ujerumani

Nina kinu kidogo cha mti nilichokuja nacho kutoka Morogoro, mama ndo alikifunga kwenye khanga akakitia katikati ya begi, na hicho kinu ndo kilichonifundisha sheria za kelele za huku kuliko darasa lolote la lugha.

Naishi mji mdogo huku Sauerland, jimbo la Nordrhein-Westfalen, milima na misitu, ukishuka kwenye treni jioni unasikia viatu vyako mwenyewe. Nafanya kazi nyumba ya wazee. Kipindi hicho nilikuwa shifti ya jioni, natoka saa tatu na nusu usiku, mpaka nifike nyumbani saa nne imeshapita na sijatia kitu mdomoni tangu mchana, basi naingia jikoni nakaa kwenye kigoda, kinu chini sakafuni, natwanga kitunguu saumu na tangawizi kama nilivyozoea toka utoto, dakika tano, kumi, nimemaliza. Sina redio, sina mgeni, niko peke yangu. Ikaenda hivo kama miezi miwili.

Siku moja nakuta barua ya mwenye nyumba kwenye sanduku. Malalamiko ya kugongagonga usiku. Na wameorodhesha: Jumanne 22:25 mpaka 22:35, Alhamisi 22:40 mpaka 22:50, wiki sita nzima, tarehe na dakika. Yaani bibi wa ghorofa ya chini, ambaye kila asubuhi tunasalimiana kwenye ngazi, alikuwa anakaa na kalamu anaandika kila nikitwanga. Kuna neno lao kabisa, Lärmprotokoll, daftari la kelele, ndo ushahidi unaosaidia ukitaka kulalamika kwa mwenye nyumba au mahakamani. Roho iliniuma jamani, nililia jikoni, maana kwetu jirani akikerwa anakuja anabisha hodi, anakwambia mwanangu punguza, mnaelewana mnamaliza. Usiku ule nilikula wali mkavu.

Lakini nikasema ngoja nisome hiyo sheria yenyewe, nisiende kwa maneno ya watu. Maana na sisi wenyewe tunadanganyana, eti una ruhusa ya kufanya sherehe ya kelele mara moja kwa mwezi. Hamna kitu kama hicho. Nachtruhe, utulivu wa usiku, ni saa 22:00 mpaka 06:00, yaani saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na huku kwetu iko kwenye sheria ya jimbo, majimbo mengine yana utaratibu wao tofauti kidogo, na mkataba wa nyumba nao una Hausordnung yake, kanuni za jengo, ambayo wengi tunasaini bila kusoma. Muda huo sauti yako ibaki chumbani kwako. Ukibandika karatasi kwenye ngazi kwamba Jumamosi una shughuli, ni ustaarabu na inasaidia sana, ila haikupi kibali, jirani akipiga simu polisi watakuja, kwa sababu miji midogo kama huu wetu Ordnungsamt, ofisi ya manispaa inayosimamia utaratibu, usiku huwa imefungwa. Wanaonya kwanza, ukiendelea wanaweza kubeba hata spika yako, na faini ya kelele kisheria inaweza kufika euro 5,000. Kuoga usiku ruksa, mahakama zilishaamua hivyo, kwaiyo wale mnaotoka kazini usiku mkaogopa kufungua maji msiogope. Na watoto msiwanyime raha, tangu 2011 sheria inasema wazi kelele za watoto kwenye chekechea na viwanja vya kuchezea kwa kawaida hazihesabiwi kuwa madhara kwa mazingira. Hapo niliwaheshimu.

Kuna kipimo kimoja nilikipenda. Kwa karakana, viwanda, hata zile pampu za joto za majumbani, wameweka kikomo cha sauti kwa desibeli: makazi ya kawaida mchana 55, usiku 40, maeneo ya makazi pekee 50 na 35. Na wakija kupima wanaweka kifaa nusu mita nje ya dirisha la chumba kilichoathirika zaidi, dirisha likiwa wazi. Yaani wanapima pale sauti inapokuingilia wewe uliyelala, sio pale inapotokea. Nilikaa nalo hilo siku nyingi.

Jumapili ndo usiseme. Kukata nyasi kwa mashine kwenye makazi marufuku siku nzima, na siku za kawaida ni marufuku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa moja asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba chupa zangu Jumapili mchana kupeleka kwenye kontena la vioo, nimetupa ya kwanza tu, kishindo chake mtaa mzima ulivyokuwa kimya kama kimepigwa msikitini, mzee mmoja akasimama na mbwa wake akanionyesha kwa kidole kibandiko chenye saa za kutupa. Nikarudi na chupa zangu. Baadaye ndo nikajua mapumziko ya Jumapili yako mpaka kwenye katiba yao, ile ya 1949 ilichukua kifungu cha katiba ya 1919 kama kilivyo. Miaka zaidi ya mia hiyo, sio chuki ya jirani yako kwa mgeni.

Na mji wetu huu huu mimi niliouona kama hawataki sauti, ukifika msimu wa joto kuna Schützenfest, sikukuu ya vyama vyao vya walenga shabaha, tarumbeta na ngoma za bendi zinapita chini ya dirisha langu, hema limejaa watu wanaimba mpaka usiku wa manane siku tatu mfululizo. Sheria ya jimbo inaruhusu manispaa kutoa nafasi hiyo kwa sherehe za jadi. Mwanzo nilikasirika, mbona kinu changu dakika kumi nimeandikiwa barua. Saivi naona tofauti: ya kwao inajulikana tarehe, kila mtu amejiandaa, na ikiisha imeisha. Kinu changu kilikuwa kila usiku na yeye bibi hakujua kitakwisha lini.

Hapo kwenye kutojua kitakwisha lini ndo nilipoelewa vizuri nilipohamia shifti ya usiku. Unarudi saa moja asubuhi, umegeuza wazee usiku mzima, mgongo unauma, unavuta pazia, unalala, saa tatu tu mashine ya kupuliza majani inaanza. Sheria inairuhusu kwenye makazi siku za kazi saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kisha saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, yaani hasa saa ambazo mimi nalala. Hapo hii sheria naidai. Inalinda usiku vizuri sana lakini anayewalinda wengine usiku, muuguzi, mwoka mikate, watu wa maghala, na wengi wetu wageni ndo tuko humo, mchana wake haulindwi hivyo. Unalala usingizi wa mang'amung'amu wiki nzima, unaanza kusahau maneno, unamfokea mtoto kwenye simu bila sababu.

Nikashuka nikabisha hodi kwa bibi wa chini. Mwaka mzima tangu ile barua tulikuwa tunasalimiana tu. Nikamwambia kwa Kijerumani changu, mimi nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, mashine yako ya kufagia ndani saa nne asubuhi iko chini ya mto wangu. Akaninyamazia kidogo, akanikaribisha ndani. Akaniuliza, ile sauti ya usiku ilikuwa nini? Mwaka mzima alikuwa hajui! Nikapanda nikamletea kinu. Alikishika kwa mikono miwili, akaingiza vidole ndani, akanusa, akaniambia alikuwa anadhani kuna mtu anapigwa, na ndo maana alikuwa hapati usingizi hata nikishanyamaza. Sikuwa na la kusema. Saivi anafagia saa tisa mchana nikishaamka, na mimi natwanga mara moja kwa wiki Jumamosi mchana, naweka taulo limekunjwa mara nne chini ya kinu, najaza kichupa kwenye friji.

Sasa kilichonifanya niandike yote haya ni mama. Nyumbani Morogoro, nyumba ya pili kutoka kwetu ilifunguliwa baa, spika mbili nje zinaangalia barabara, kila siku mpaka saa nane usiku. Mama ana presha. Kila nikipiga simu namsikia anapiga kelele ili nimsikie, nikimwambia mama kalalamike ananiambia mwanangu huo uzungu, watu watasema tunaringa kisa una mtoto Ulaya. Mi nasema hapana, tena kwa nguvu zote. Sheria tunazo. Tanzania tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2015, chini ya sheria ya mazingira ya 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, imeshafunga mabaa kwa kelele, Kenya wana zao tangu 2009. Usingizi wa mama yangu haukuletwa na Mzungu.

Alipokubali kulalamika, mtaani walimwambia alete ushahidi. Nikakumbuka ile barua iliyoniliza. Nikamwambia mjukuu wake, chukua daftari la mistari, kila usiku andika tarehe, saa walipoanza, saa walipozima, na bibi aliamka mara ngapi. Aliandika siku thelathini na moja, mwandiko wa darasa la sita, usiku mwingine kaandika tu "bibi amelia". Majirani saba wakatia saini nyuma, ambao kumbe wote walikuwa hawalali na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Wakaenda nalo pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenye baa akaitwa, wakaongea kwa heshima, hakuna aliyetukanwa.

Spika zimeingizwa ndani. Jumatatu mpaka Alhamisi wanazima saa tano. Ijumaa na Jumamosi bado, hapo hatujafika, daftari linaendelea.

Juzi Jumatano nilimpigia nikiwa mapumziko ya shifti, kule saa sita usiku imeshapita, nikashangaa kapokea. Nikamuuliza mama mbona hujalala? Akasema nilikuwa nimelala, wewe ndo umeniamsha. Nyuma yake nilisikia vyura tu.