Jinsi nilivyoifufua Yamaha YZ 125 ya baba mjini Lubumbashi bila kuibadilishia injini

Yamaha YZ 125 ni pikipiki ya mashindano ya motokrosi, na haikuundwa kubeba abiria wala kupeleka mizigo sokoni. Haina taa, haina honi, haina betri, na tangi lake dogo halifiki mbali. Naamini hiyo ndiyo sababu ile iliyokuwa nyumbani kwetu Kampemba ilikaa stoo miaka mingi bila mtu kuigusa, wakati pikipiki nyingine zote za ukoo zilitumika mpaka zikaisha. Baba, aliyekuwa fundi umeme katika karakana za mgodi, aliachiwa na mhandisi mmoja Mbelgiji aliyekuwa anaondoka nchini, akaifunika turubai, na maisha yakaendelea. Ilipofika mikononi mwangu magurudumu yalikuwa hayazunguki, kiki haishuki hata kidogo, na panya walikuwa wamekula sifongo yote ya kiti.

Kila niliyemwonyesha alinipa ushauri mmoja: toa injini hiyo, weka ya Kichina ya mapigo manne, kisha uwape manseba, yaani madereva wa pikipiki za abiria, waifanyie kazi. Ushauri huo una mantiki yake, kwa sababu injini hizo zinapatikana kila kona ya Lubumbashi na vijana wanaozijua ni wengi. Mimi niliukataa. Fremu ya YZ ilipangwa kuzunguka injini nyepesi ya mapigo mawili, na ukiitoa injini hiyo unabaki na vyuma vinavyofanana na pikipiki fulani lakini si yenyewe tena. Tena nilijua kwamba mji huu, ambao umeishi kwa shaba tangu mwaka 1910, una watu wanaojua chuma kuliko wanavyosifiwa.

Kwa kuwa haikuwa na karatasi yoyote, jambo la kwanza lilikuwa kuutambua umri wake, maana vipuri vya YZ za zamani vilibadilika karibu kila mwaka. Silinda yake ina mapezi ya kupozwa na hewa, wala haina rejeta, nayo YZ 125 ilianza kupozwa kwa maji mwaka 1981. Kwa hiyo yetu ilitoka kiwandani kabla ya hapo. Upande wa nyuma ina shokapu moja ndefu iliyolala chini ya tangi, mfumo uliofika kwenye daraja la cc 125 mwaka 1976. Basi nilikuwa na miaka michache tu ya kuchunguza, na namba iliyochongwa kwenye shingo ya fremu ikamaliza kazi. Wazo la kuondoa shokapu mbili za pembeni na kuweka moja lilitoka kwa Mbelgiji mwingine, Lucien Tilkens. Yamaha walilinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 Mswidi Håkan Andersson akatwaa ubingwa wa dunia wa cc 250 akiwa juu ya pikipiki ya namna hiyo. Nilipoyasoma hayo niliacha kabisa kuiita chuma chakavu.

Injini iliyoganda haifunguliwi kwa nguvu. Niliondoa buji, nikajaza silinda mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi otomatiki, nikauacha unywee taratibu huku nikiongeza kila ulipopungua. Baadaye nilitoa kifuniko cha juu na kugonga kichwa cha pistoni kwa kipande cha mti laini, mapigo mepesi, hapa na pale, mpaka ikasogea kwa upana wa ukucha. Kuanzia hapo ilikuwa suala la subira. Anayekanyaga kiki ya injini iliyoganda atavunja meno ya gia kabla pistoni haijatikisika, na meno hayo ni magumu kuyapata kuliko pistoni yenyewe.

Pistoni ilipotoka, ukuta wa silinda ulionyesha alama za kutu pale ringi zilipokuwa zimekaa muda wote huo. Ukipitisha kucha inakwama. Silinda za YZ za wakati ule zina ganda la ndani la chuma cha kalibu, kwa hiyo zinaweza kuchongwa upya na kupewa pistoni kubwa kidogo. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Katuba, mkereza vyuma aliyejifunza kazi katika karakana za Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, na ambaye bado ana mashine yake nyuma ya nyumba. Aliipima silinda juu, katikati na chini, kwa mapana mawili tofauti, akaandika tarakimu kwa chaki kwenye meza, kisha akaniambia:

"Mwanangu, usiniletee silinda peke yake. Niletee pistoni utakayoitumia, niipime kwanza, ndipo nichonge."

"Papa, lakini kwenye boksi wataandika kipimo."

"Boksi halizunguki ndani ya injini."

Maneno hayo yana uzito kuliko yanavyosikika. Kipenyo cha kiwandani cha silinda hii ni milimita 56 na mwendo wa pistoni ni milimita 50, ambavyo vinatoa cc 123. Kati ya pistoni na ukuta inatakiwa nafasi ya karibu sehemu tano za mia za milimita. Ikizidi, pistoni itagonga na ringi zitachakaa mapema. Ikipungua, alumini ya pistoni itatanuka kwa joto kuliko chuma kinachoizunguka, nayo itashika. Pistoni mbili zenye maandishi sawa zinaweza kutofautiana kwa kiasi hicho hicho. Tena si kila pistoni ya milimita 56 inafaa: ya pikipiki ya barabarani ya Yamaha yenye cc hizo ina kimo tofauti na madirisha tofauti, ingawa muuzaji atakuapia kwamba ni ileile. Yangu ilikuwa ya kipimo cha ziada cha nusu milimita, iliagizwa Ulaya, ikafika ndani ya begi la binamu yangu aliyekuwa anarudi nyumbani.

Mzee alichonga, akasugua kwa mawe laini mpaka ukuta ukawa na mistari inayopishana ya kushikilia oili, kisha akafanya kazi ambayo mafundi wengi wa mapigo manne hawaijui. Katika injini ya mapigo mawili, milango ya kuingiza na kutoa gesi imetobolewa kwenye ukuta wenyewe wa silinda, na ukichonga, kingo za milango hiyo zinabaki kali kama wembe. Ringi ikipita hapo inajitokeza kidogo, inanaswa, inavunjika. Alichukua tupa ndogo ya mviringo na kulainisha kila ukingo, mlango baada ya mlango, akiupapasa kwa kidole. Nilipokuwa nafunga pistoni nilihakikisha kwamba mshale wa kichwani unaelekea kwenye mlango wa moshi, na kwamba ncha za ringi zimekumbatia kile kijipini kidogo kinachozizuia zisizunguke na kuangukia mlangoni.

Chini ya silinda kulikuwa na krankishafti, ile shafti inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Fimbo ya pistoni haikuwa na mchezo wa juu na chini hata kidogo, basi niliiacha. Beringi zake mbili zilikuwa na vidonda vya kutu, na kuhusu beringi nina jambo la kumwambia kila anayedhani vipuri vya pikipiki ya zamani haviwezekani kupatikana: usiulize beringi ya YZ, soma namba iliyochongwa kwenye pete yake. Namba hiyo ni ya dunia nzima, na muuzaji wa vipuri vya pampu au vya mashine za kusaga mahindi anaweza kuwa nayo. Lakini sharti usome mpaka mwisho, kwa sababu beringi ya krankishafti huwa na alama ya C3 baada ya namba, yaani nafasi ya ndani ni kubwa kidogo ili chuma kipate pa kutanukia kwa joto. Isiyo na alama hiyo inaingia vizuri, inazunguka vizuri mezani, na inakufa mapema ndani ya injini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote. Injini ya mapigo mawili inapumua kwa kutumia tumbo lake la chini. Mchanganyiko wa petroli na hewa hupita kwanza kwenye nyumba ya krankishafti kabla ya kupanda juu. Sili, yaani pete ya mpira inayoziba kandokando ya shafti, ya upande wa gia ikivuja, injini itanyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi mweupe usiokwisha, na hilo utaliona. Sili ya upande wa sumaku inayozalisha umeme wa cheche ikivuja, itanyonya hewa kavu, mchanganyiko utakuwa mwembamba, yaani petroli kidogo na hewa nyingi, joto litapanda, na pistoni itatoboka bila kukuonya. Pikipiki nyingi za aina hii zilizofufuliwa zikafa tena, zimekufa kwa hewa hiyo isiyoonekana.

Kipimo chake ni rahisi, na kifaa nilikiazima kwa dada muuguzi jirani yetu: mashine ya kupimia presha ya damu. Niliziba mlango wa moshi kwa kipande cha mpira wa tairi na bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu, nikaziba njia ya kabureta kwa kizibo cha mpira chenye mrija katikati, nikaunganisha mrija huo na pampu na saa ya mashine, kisha nikapuliza mpaka mshale ukafika 300. Hizo ni milimita 300 za zebaki, sawa na ba 0.4, na zinatosha kabisa. Kuzidi hapo unaweza kuzing'oa sili zenyewe. Mshale ulianza kurudi. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na nyuma ya sumaku vikatokea vipovu vidogo vidogo, vinavyovimba na kupasuka mahali pamoja. Sili ilikuwa mpya, lakini mdomo wa ile ya zamani ulikuwa umelichimbia shafti mfereji mwembamba usioonekana vizuri kwa macho. Dawa yake ilikuwa kuiingiza sili mpya ndani kidogo zaidi, mdomo wake ukalie sehemu ya shafti ambayo haijawahi kuguswa. Nilipopuliza tena, mshale ulisimama, na nilikaa nikiutazama kwa furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyewahi kufunga injini.

Umeme haukunisumbua sana: waya wa kutua kwenye fremu ulikuwa umeoza kwa kutu, nilipousafisha cheche ikarudi, ya buluu na yenye kishindo.

Shokapu ya nyuma ndiyo iliyonipa hofu, kwa kuwa ndani yake mna oili pamoja na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, na kuifungua bila kutoa gesi kunaweza kumjeruhi mtu vibaya. Nashukuru kwamba ninaishi Lubumbashi. Malori makubwa ya migodini yanabebwa na nguzo za oili na naitrojeni zinazofanya kazi kwa kanuni ileile, na karakana za haidroliki zinazoyahudumia zina mitungi ya gesi, saa za kupimia na watu wanaojua kuziheshimu. Katika karakana moja walibadilisha sili, wakaweka oili mpya na kuijaza gesi kwa kipimo nilichokitoa kwenye mwongozo. Bushi za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, zilizokuwa zimelika zikawa na umbo la yai, mzee wa Katuba alizikereza upya kwa shaba nyeusi.

Kabureta, aina ya Mikuni, ilikuwa imejaa utomvu mgumu wa petroli ya zamani. Niliilowesha, nikapuliza njia zote kwa hewa, na vijitundu vya jeti, vinavyopima petroli inayopita, nikavizibua kwa uzi mmoja wa nyaya laini za shaba, kwa sababu sindano ya chuma hupanua tundu, na tundu likipanuka hesabu yote imeharibika. Mji wetu uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo jeti kuu inayofaa ufukweni hapa inatoa petroli kupita kiasi. Nilishuka saizi kwa saizi, nikisoma rangi ya buji kila baada ya mwendo, mpaka ikawa ya kahawia iliyoiva vizuri. Ningemsihi mtu asishuke zaidi ya hapo, kwani asubuhi za baridi za Juni na Julai hewa huwa nzito, na mpangilio uliokuwa sawa katika joto la Oktoba unakuwa mwembamba. Ndani ya petroli ninaweka mililita 40 za oili ya mapigo mawili kwa kila lita. Kichujio cha hewa nilikitengeneza kwa sifongo maalumu ya vichujio, nikailowesha oili, kwa sababu vumbi letu jekundu la kiangazi ni laini kama unga na linapita kwenye sifongo kavu bila kizuizi.

Iliwaka uani, ikatoa moshi mzito wa oili niliyopaka wakati wa kuifunga, kisha ikatulia. Niliiacha ipate moto na kupoa kabisa mara kadhaa kabla ya kuipanda, na mwendo wa kwanza ulikuwa nusu kaba tu, kwenye njia za udongo nje ya mji kuelekea Kipushi, ili ringi zizoeane na ukuta. Nilipoifungua silinda baadaye kukagua, mistari ya mzee ilikuwa bado inaonekana na hapakuwa na mkwaruzo wowote kwenye pistoni. Rangi ya tangi sikuigusa, imebaki na mikwaruzo yake yote, kwa kuwa hakuna iliyokuwa inazuia pikipiki kwenda. Zilizobaki ni spoku za gurudumu la nyuma, ambazo baadhi zimepinda, na sponji mpya ya kiti ambayo fundi wa makochi wa mtaani ameshaikata.